Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuchimbua Siri na Prototaipu za Sonic Ukiwa Nairobi

Tuko watu sita au saba hivi, wengi wetu watoto wa miaka ya 1980, na tunakutana Jumamosi moja kila mwezi sebuleni kwa mwenzetu, Donholm, kuchunguza gemu za zamani za video za Sonic, yule kalunguyeye wa buluu wa kampuni ya Sega ya Japani. Kila mgeni anakuja na maswali yaleyale. Nimeyaandika hapa ili chai isiwe inapoa tukiyajibu upya.

Prototaipu ni nini hasa?

Ni gemu iliyonakiliwa kabla kazi haijakamilika. Watengenezaji walikuwa wakichoma nakala za njiani kwa sababu nyingi: ya kuwapa wakaguzi watafute makosa, ya kupeleka kwenye maonyesho, ya kutumia waandishi wa majarida wapate kupiga picha. Kila nakala ni kama daftari la fundi lililofunguliwa katikati ya kazi. Unaona alichokusudia, alichokifuta, na alichokisahau.

Wako wanaobishana usiku kucha kama hii iitwe beta au alfa. Sisi tunaiita prototaipu, mambo yaishe.

Kwa nini Sonic, si gemu nyingine?

Kwa sababu gemu za mwanzo zilitengenezwa mbiombio. Sonic wa kwanza alitoka Juni 1991, wa pili Novemba 1992, wa tatu Februari 1994, na Sonic & Knuckles Oktoba mwaka huohuo. Ukikimbia hivyo lazima uangushe vitu njiani, na vilivyoanguka ndivyo tunavyookota.

Hidden Palace ni nini, na mbona kila mtu anaitaja?

Hidden Palace ni eneo la pangoni lililochorwa kwa ajili ya Sonic 2: mawe yanayong'aa, madaraja, zumaridi kubwa katikati. Mchoraji wake ni Craig Stitt, mmoja wa Wamarekani waliofanya kazi pamoja na timu ya Japani. Picha zake zilitoka kwenye majarida mwaka 1992. Watoto wakanunua gemu, wakaimaliza, na pango hawakuliona. Wengi walidhani limefichwa mahali, wakalitafuta kwa miaka.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 shabiki mmoja akakuta faili ya ajabu kwenye tovuti ya Kichina. Ilikuwa Sonic 2 ambayo haijakamilika. Ukifungua menyu ya kuchagua hatua, Hidden Palace lipo, unaingia na kutembea, ingawa huwezi kulimaliza. Lipo pia eneo la msituni liitwalo Wood, ambalo nalo lilitupwa.

Hapo ndipo utafiti wa prototaipu ulipoanza kwa kweli. Kabla ya faili ile, mashabiki walikuwa na picha za majarida na hadithi tu, na mengi waliyoyajenga juu yake yalikuwa ya makosa. Chukua Dust Hill. Kulikuwa na picha moja ya jangwani iliyochapishwa, na kulikuwa na jina Dust Hill, basi watu wakaviunganisha, na kwa miaka mingi "Dust Hill ni jangwa" ikawa kama aya ya msahafu. Prototaipu ilipofunguliwa, jina Dust Hill kwenye menyu likaonekana linaelekeza kwenye eneo tunalolijua leo kama Mystic Cave. Pango, si jangwa. Hakuna aliyedanganya. Watu walichukua vitu viwili vya kweli wakavifunga ndoa isiyokuwepo.

Hidden Palace lenyewe lilirudishwa rasmi mwaka 2013, Sonic 2 ilipotengenezwa upya kwa ajili ya simu.

Basi kaseti feki za zamani zina maana yoyote?

Zina maana kubwa, na hili ndilo jambo ambalo wageni hawalitarajii. Faili ile ya Hidden Palace haikutoka kwenye ghala la Sega. Inasimuliwa kwamba nakala iliibwa kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea New York mwaka 1992. Kilicho wazi zaidi ni kwamba wauza feki wa Asia waliifanya kaseti wakaiuza kama gemu kamili. Mwizi akatuhifadhia kile ambacho mwenye mali alikitupa. Sisifu wizi, nasema kilichotokea.

Nairobi ya miaka ya 1990 ilijaa kaseti feki. Luthuli Avenue, River Road, Eastleigh, kote huko ungezipata, na chache mno zimewahi kufunguliwa na kusomwa na mtu anayejua anachotafuta. Kwa hiyo mtu akituambia "lakini hii ni feki tu", tunamvutia kiti.

Nakumbuka nikicheza Sonic lakini anayekimbia ni Mario. Ile ilikuwa prototaipu?

Hapana, lakini hukuota. Hiyo ni Somari, gemu ya magendo ya mwaka 1994 iliyotengenezwa kwa ajili ya Famicom, mashine ya Nintendo, na ndiyo maana ilichezeka kwenye zile mashine feki za bei rahisi tulizokuwa tukiziita tivigemu. Ina maeneo ya Sonic wa kwanza, isipokuwa lile la majini, Labyrinth. Mario amevaa viatu vya Tails, mbweha mwenzake Sonic. Swali hili huulizwa na angalau mgeni mmoja kila mwezi, na kila mara anayeuliza hupumua kama mtu aliyeondolewa mzigo, maana ndugu zake wamemcheka miaka 20.

Nakumbuka Sonic akipanda kitoroli cha mgodini, na pengine akiruka kwa bawa angani. Marafiki wanasema hakuna kitu kama hicho.

Nyote mko sawa. Sonic 2 zilikuwa mbili. Ile ya Mega Drive, mashine kubwa ya Sega wakati huo, ndiyo maarufu, lakini mashine nyingine za Sega, Master System na Game Gear, zilikuwa na Sonic 2 yake yenyewe, gemu tofauti kabisa yenye jina lilelile, na humo ndimo kulimo vitoroli na bawa. Kabla hujatangaza umegundua kitu, uliza kwanza: mashine ilikuwa gani?

Mbona ninaposikiliza muziki wa Green Hill, eneo la kwanza la Sonic wa kwanza, mtandaoni unaenda haraka kuliko ninavyoukumbuka?

Hili nalipenda. Kenya, kama Uingereza, ilikuwa ikitumia mfumo wa runinga wa PAL, unaochora picha 50 kwa sekunde. Japani na Marekani zilikuwa na picha 60. Sonic wa kwanza anahesabu kila kitu kwa picha: mwendo, kuruka, hata noti za muziki. Hakuna aliyemrekebisha kwa ajili ya PAL, kwa hiyo kwenye mashine zilizokuja huku kutoka Uingereza alitembea kwa tano juu ya sita ya mwendo wake. Wimbo wa sekunde 60 ulichukua sekunde 72. Sonic 2 walirekebisha muziki, ila mchezo wenyewe ukabaki mzito.

Kwa hiyo kumbukumbu yako ni sahihi, na ni ushahidi: inatuambia mashine yenu ilitoka upande gani wa dunia. Shangazi aliyeileta alikuwa London au Leicester, si New Jersey.

Rangi ni hadithi nyingine. Mwenzetu mmoja aliapa kwamba Sonic wa kwao alikuwa wa kijivu. Tuliihoji kaseti, tukahoji mashine, mpaka mtu akamuuliza runinga ilikuwa gani. Great Wall ya inchi 14. Nyeusi na nyeupe.

Ni kweli lile neno "Sega!" linaloimbwa mwanzoni lilimeza sehemu moja ya nane ya kaseti?

Limerudiwa sana, na ukitaka kujifunza kazi hii anza nalo, kwa sababu huhitaji kumwamini mtu yeyote. Kaseti ya Sonic wa kwanza ina kilobaiti 512. Moja ya nane yake ni kilobaiti 64. Mashabiki wamelichambua gemu hilo mstari kwa mstari, na sauti ile ukiipima haifiki hata kilobaiti 30. Ni nyingi kwa neno moja, lakini si moja ya nane.

Tunampa kila mgeni zoezi hili. Anayekwenda kupima, tunampigia simu Jumamosi inayofuata.

Michael Jackson alitunga muziki wa Sonic 3?

Tumeshaachana na kuuliza "alitunga au hakutunga". Swali hilo lina mashabiki wengi kuliko ushahidi. Haya ndiyo yaliyo mezani. Brad Buxer, aliyekuwa mpiga kinanda wa Jackson, ametajwa kwenye gemu lenyewe kama mmoja wa wanamuziki, na baadaye alisema kwamba Jackson alishiriki. Wimbo wa mwisho wa Sonic 3 una msingi mmoja na "Stranger in Moscow". Wimbo wa eneo la barafu, Ice Cap, unatokana na wimbo wa bendi ya Buxer ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, The Jetzons. Na mwaka 2022 Yuji Naka, mmoja wa waliomuumba Sonic, alimtaja Jackson hadharani.

Lakini kilichonikosesha usingizi mimi ni kitu kingine. Mwaka 1997 Sonic 3 ilitoka kwa ajili ya kompyuta, na nyimbo kadhaa zilikuwa zimebadilishwa, ikiwemo ya Ice Cap. Wote tukasema: bila shaka nyimbo mpya zimetungwa kukwepa mambo ya haki za Jackson. Ilikuwa na mantiki. Hata mimi niliwaeleza watu hivyo kwa kujiamini kabisa. Halafu mwaka 2019 ikatolewa prototaipu ya Sonic 3 ya tarehe 3 Novemba 1993, na ndani yake zile nyimbo "mpya" zipo tayari. Zilikuwa ndizo za kwanza! Za Buxer na wenzake zilikuja baadaye, karibu na mwisho. Tulikuwa tumeisoma hadithi nzima kinyumenyume, na hakuna mahojiano yaliyotusahihisha, ni chipu.

Kwa nini Metropolis ina sehemu tatu wakati maeneo mengi ya Sonic 2 yana mbili?

Kulikuwa na eneo lingine, Genocide City, baadaye likaitwa Cyber City. Likakatwa, ramani yake ikabandikwa Metropolis kama sehemu ya tatu. Ukicheza tena utahisi mshono.

Zile namba za kufungua menyu ya siri ya Sonic 2, 19, 65, 09, 17, zina maana?

Ziandike pamoja: 1965, mwezi wa 9, tarehe 17. Ni siku aliyozaliwa Yuji Naka. Na namba nyingine za siri za gemu hiyohiyo, 01, 09, 09, 02, 01, 01, 02, 04, ni 24 Novemba 1992, siku gemu ilipotoka Marekani na Ulaya.

Nimepata kaseti yenye maandishi ya mkono. Nifanye nini?

Kwanza usiisafishe. Narudia, maana ndilo kosa la kila mtu: usiifute, usibandue karatasi, usiipige spiriti. Ipige picha mbele, nyuma, ubavuni. Andika ulikoipata na aliyekuuzia alisema nini, hata kama unadhani anadanganya.

Ngoja nikusimulie ya kwetu. Mwenzetu alipata Sonic 2 pale soko la Toi, kwenye rundo la waya na rimoti, kwa shilingi 300. Juu yake palikuwa na tepu nyeupe ya karatasi, na kalamu ya wino imeandika SONIC 2 na chini yake 11/8. Hatukulala. Tulibishana kama ni tarehe 11 Agosti, ya Kiingereza, au tarehe 8 Novemba, ya Kimarekani, kwa sababu Agosti 1992 ingekuwa dhahabu. Jumamosi tukaipeleka kwa fundi mmoja wa Luthuli, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaigeuza mara mbili, akatoa bisibisi yenye kichwa cha duara, maana skrubu za kaseti hizi hazifunguki kwa nyota wala bapa. Kifuniko kikaachana. Ndani kulikuwa na chipu moja nyeusi, safi, ya kiwandani, namba zake zimechapwa vizuri.

"Vijana wangu," akasema, "mlitaka kuona dirisha."

Alikuwa na maana ya dirisha la kioo. Kaseti za majaribio kwa kawaida zilitumia chipu za EPROM, zinazoweza kufutwa na kuandikwa upya, ambazo zina kidirisha cha duara juu, kimefunikwa na karatasi. Hii haikuwa nalo. Tuliisoma hata hivyo, na faili ikalingana baiti kwa baiti na Sonic 2 ya dukani. Ilikuwa kaseti ya kukodisha. 11/8 pengine ni siku iliyotakiwa kurudishwa.

Kwa hiyo fuata utaratibu huo: picha, kufungua, kuangalia chipu, kunakili, kulinganisha. Ukikuta tone jeusi la gundi ngumu badala ya chipu, hiyo ni feki ya bei rahisi, lakini tuletee vilevile.

Nimekuta chipu zenye kidirisha. Naweza kubandua ile karatasi nione ndani?

Usithubutu. Data ya EPROM hufutwa kwa miale ya urujuanimno, na kile kidirisha ndicho mlango wake. Watengenezaji wa chipu hizo wenyewe wanasema jua la moja kwa moja linaweza kuifuta kwa wiki moja hivi. Na jua letu la Januari unalijua. Hata ikiwa imefunikwa, chaji iliyomo huvuja polepole mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kaseti ya 1992 iliyolala dukani dirishani inapotea huku watu wakiigombania bei. Ifunge kwenye karatasi ya fedha ya jikoni, uiweke gizani, ututafute.

Naweza kuichomeka tu kwenye mashine kuijaribu?

Ukijua mashine yako, sawa. Adapta ya Japani ni ya volti 100, na ukutani kwetu kuna 240. Adapta ya Mega Drive ya kwanza nayo ina hasi katikati, ya pili ina chanya. Tumeshanusa harufu ya kosa hilo, mara moja inatosha.

Nimepakua faili inayodaiwa kuwa prototaipu. Nitajuaje si ya kughushi?

Ifungue kwa programu ya kusoma baiti, nenda nafasi ya 100 kwa hesabu ya heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16. Gemu za Mega Drive zina kama kitambulisho hapo: jina la mashine, kisha mwaka na mwezi, jina la gemu, namba yake. Sonic wa kwanza wa dukani anasoma 1991.APR, ingawa aliuzwa Juni. Umeona shida? Tarehe hiyo iliandikwa kwa mkono, na waandishi wa programu walisahau kuibadilisha mara nyingi. Anayeghushi anaweza kuiandika pia, dakika mbili tu.

Kwa hiyo tunaangalia kile ambacho mwongo hakifikirii. Mghushi huongeza vitu vya kuvutia: eneo jipya, adui mpya. Prototaipu ya kweli imejaa vitu vya kuchosha. Pete moja iliyokaa pembeni kidogo, rangi ya ukuta iliyopishana kidogo, mlango usiofunguka, sauti ya muda iliyoazimwa kwenye gemu iliyotangulia. Hakuna anayeghushi uchovu.

Na tunauliza ilikotoka. Faili isiyo na mwenyewe, isiyo na picha ya ubao wa chipu, isiyo na mtu wa kuulizwa, tunaiweka kando hata kama ni tamu.

Sina kaseti wala pesa ya kununua. Naweza kusaidia?

Sana, na pengine zaidi ya wenye kaseti. Tafuta majarida. Wauza vitabu wa kando ya barabara hapa mjini bado wana marundo yaliyokuja na mitumba, na ndani yake wakati mwingine hutokea Mean Machines au Sega Power ya Uingereza. Jarida lililochapishwa kabla gemu haijatoka lilipiga picha kutoka kwenye prototaipu, halikuwa na pengine pa kupiga. Picha yenye ukubwa wa stempu inaweza kuonyesha idadi ya maisha, umbo la alama, jina la eneo lililobadilishwa baadaye.

Ukilipata, liskani kwa ubora wa nukta 600 kwa inchi, ukurasa mzima pamoja na namba yake, na jalada lenye tarehe. Usikate picha peke yake. Picha bila ukurasa ni kama shahidi bila jina, na tuna za aina hiyo maelfu.

Anayejua Kijapani naye tunamngoja kwa hamu. Programu za kutafsiri zimeshazaa uvumi mwingi, na kuuondoa uvumi ni kazi kuliko kuuzaa.

Kisheria je?

Programu ya kompyuta inalindwa na sheria ya hakimiliki Kenya kama kazi nyingine ya uandishi, na umri wa kaseti hauifanyi kuwa mali ya umma. Sisi hatugawi gemu. Tunasoma, tunalinganisha, tunaandika tulichokiona.

Mnanunua?

Hapana. Na ukiambiwa bei ya dola na mtu ambaye hajaifungua kaseti, mwache aendelee na safari yake.

Kuna kitu gani ambacho hakijapatikana bado?

Duniani, kubwa kuliko yote ni nakala iliyoonyeshwa Tokyo Toy Show mwaka 1990, mwaka mzima kabla ya Sonic kutoka. Kuna picha zake. Prototaipu ya Sonic wa kwanza iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2020 ni ya baadaye kuliko hiyo. Sidhani kama ile ya Tokyo iko Nairobi, lakini nani aliyedhani Hidden Palace liko kwenye kaseti ya magendo?

Hapa kwetu tunatafuta vitu vya chini zaidi: kaseti za gemu nyingi kwa moja, zile zenye jalada la Sonic na ndani hamna Sonic, au ndani kuna Sonic asiyefanana na yeyote. Ziko kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda cha nyanya, pamoja na chaja za Nokia. Ukienda ushago Desemba, lifungue. Muombe ruhusa kwanza, na umwambie ni kaseti unazotafuta, si hati ya shamba.